Ukuta wa Maziwa wa Mwihanga

Mwanangu Mapendo,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za maji ya kuchemsha, za chandarua, za kutopanda moto, yaani pikipiki, ya mtu aliyekunywa, na za koti zito, maana Masisi si Goma, kule baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Mimi sina la kuongeza hapo. Hata sasa ninamsikia chumbani akikunja bluzi zako nyeupe za uuguzi, akizikunjua, akizikunja tena. Mimi nimekaa hapa sebuleni na kalamu, na nina aibu. Ninaanza na neno hilo ili usilitafute katikati ya maneno mengine.

Juzi mkuu wa sentre ya afya ya Mwihanga, kijiji chetu kule Masisi, alipokupigia simu, ulikuja mbio uani ukicheka. Ulisema, "Papa, nimepata kwa kulala! Kwa mama mumoja muzee, nyumba yake iko karibu na kanisa. Banamuita Mama Vestina. Alirudiaka kutoka mu kambi. Eti anajua babu, eti atanipa maziwa!" Nikakwambia vizuri sana, kisha nikachukua kofia nikatoka, nikasema kuna mtu wa mchanga wa kujengea ananingoja barabarani. Hapakuwa na mtu wala mchanga. Nilizunguka mtaa wetu wote wa Ndosho, nikasimama mbele ya karakana za milango ya chuma nikijifanya ninauliza bei, mpaka fundi mmoja akaniuliza kama ninaumwa.

Na uliponiomba nikusindikize hadi kule, tukasimame pamoja mbele ya ukuta wetu wa kanisani, nikasema mgongo unauma. Mgongo hauumi, mwanangu.

Mama Vestina ni mama yangu wa ubatizo. Alinishika mikononi mbele ya maji, akajibu kwa niaba yangu maswali yote ya padri. Jina lake hujawahi kulisikia kinywani mwangu, wakati kanisa lile nimekusimulia tangu ungali unanyonya. Hilo peke yake lilitosha kukuonyesha kwamba hadithi yangu ina tundu.

Basi nikusimulie tena, safari hii nisiruke kitu.

Padri wa kwanza alifika Mwihanga kwa miguu akaomba mahali pa kusalia. Wazee wakampa kile kilima kidogo ambapo njia tatu zinakutana. Usifikiri walimpa kwa upendo mkubwa: palikuwa na mawe matupu, hata maharage yalikataa kuota pale. Kanisa la kwanza lilikuwa la matete na nyasi, na liliteketea siku ya Pasaka kwa mishumaa yetu wenyewe. Wasiosali walicheka msimu mzima. Padri akasema sasa tunajenga kwa kile Mungu alichotupa hapa kwa wingi, yaani mawe.

Alipima msingi kwa kamba, akapiga mafundo, kila shirika likapewa fundo lake, likawa na kipande chake cha ukuta cha kujenga. Wewe unajua mashirika ya hapa mjini, majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba na kuchangishana mtu akifiwa. Kule yalikuwa hivyo hivyo, ila yalijenga. Ndiyo maana kuta za kanisa lile hazifanani, na mtu anayejua kuzisoma anaona tabia za watu. Utakuta kipande cha mawe ya mviringo ya mtoni, cha watu wa bondeni, waliokuwa wavivu wa kupanda na kupasua mawe ya kilimani. Utakuta kingine kimevimba kama tumbo la mlevi: shirika lile liligombana tangu msingi hadi bati, na kila asubuhi mwenye kushika kamba alikuwa mtu mwingine. Kipande cha wajane kiko karibu na mlango, kifupi, kimenyooka, na kina dirisha ambalo halikuwa kwenye mpango wa padri. Walilitaka, wakaliweka.

Sakafu inateremka kuelekea altare. Watoto wakimwaga maharage ya sadaka huku nyuma, yanafika yenyewe miguuni pa padri. Mnara uliishia nusu, kwa sababu saruji iliisha na padri akahamishwa, na kengele mpaka leo ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa mkaratusi. Bikira Maria wa pembeni alipakwa rangi upya na mtu aliyebakiwa na rangi ya milango. Utamwona. Usicheke, wanampenda hivyo hivyo.

Na juu ya kila kipande cha ukuta pana jiwe moja refu, limechongwa jina la mtakatifu msimamizi wa shirika lililojenga. Majina yote aliyachonga babu yako Leopoldi. Kwenye misa kila familia inakaa karibu na ukuta wake, na kabla ya Noeli kila shirika linapaka chokaa ukuta wake lenyewe. Kuupaka ukuta wa wengine bila kuombwa ni tusi, kama kwenda kufagia nyumba ya jirani na yeye yupo.

Sasa sikiliza habari za watu wa juu. Shirika la Mtakatifu Yosefu lilikuwa la wafugaji, kule malishoni juu kabisa. Mikono yao ilijua fimbo na kamba ya ng'ombe, jiwe hawakulijua. Walijaribu siku chache, ukuta ukaanguka, hata wao wakacheka. Ikapatikana njia: wao walete maziwa kila asubuhi kwa wajenzi wote wa kila shirika, na Leopoldi awajengee kipande chao. Wakaleta msimu baada ya msimu, hata kwenye mvua. Babu yako akakijenga kile kipande vizuri kuliko alivyojenga cha shirika lake mwenyewe, kwa sababu, alisema, mtu hawezi kunywa maziwa ya watu akawapa ukuta uliopinda. Watu wakakiita Ukuta wa Maziwa. Mmoja wa wasichana waliokuwa wakishuka na vibuyu kichwani ni Vestina. Mama yangu alinizaa kazi ikiwa karibu kuisha, akaugua, na msichana huyo akawa anapita kwetu kwanza kuninywesha maziwa kabla ya kwenda kwa wajenzi. Ndivyo alivyokuwa mama yangu wa ubatizo.

Hesabu mwenyewe, umesoma. Kanisa lilipoezekwa mimi nilikuwa mgongoni mwa mama. Miaka yote hii nimekwambia "ukuta tuliojenga mimi na babu yako", na ninyi watoto mkawaambia wenzenu shuleni. Sikuweka hata jiwe moja. Babu yako aliponifundisha kazi, kanisa lilikuwa limesimama zamani. Alama ya mkono wangu mle ndani ni moja tu, na ndiyo ninayokuja kuisema.

Vita vilipopanda milima ile, watu wa juu waliondoka. Sitakwambia nani alimfukuza nani, maana ukiuliza kila nyumba utapata vita vingine. Waliondoka na ng'ombe wachache waliobaki, na Mama Vestina akaondoka nao, na mimi, kijana mzima, sikupanda kumuaga. Malisho yakabaki matupu. Msimu uliofuata tukaanza kulima viazi humo. Sisi pia, mwanangu, nyumba yetu. Viazi vilikubali sana.

Noeli ikafika, kila shirika likapaka chokaa ukuta wake, na Ukuta wa Maziwa ukabaki mweusi katikati ya weupe wote. Noeli nyingine tena. Babu yako alikuwa amekufa. Wanaume walikuwa wamesimama nje baada ya misa, padri amekwenda kutembelea vigango vya mbali, na mmoja akasema, "Sasa ile jina inabakia pale ya nini? Benyewe habako tena." Mwingine akasema, "Leopoldi alikufa, lakini mutoto wake anajua kazi. Fundi, utatusaidia?"

Fundi. Ilikuwa mara ya kwanza wazee kuniita hivyo. Hakuna aliyenionyesha bunduki. Hakuna aliyenitisha hata kwa jicho. Ningesema mgongo unauma, kama nilivyokwambia wewe juzi, wangeniacha. Lakini nilitaka kuitwa fundi, na nilitaka pia, hili nimelikubali nikiwa mzee, kwamba nikila viazi vile Jumapili nisilione tena jina la wenye shamba juu ya kichwa changu.

Nilikwenda Jumamosi, mchana, na tindo na nyundo za babu yako. Akina mama walikuwa wanafagia kwa ajili ya kesho. Niliposhika herufi ya kwanza, mjane mmoja aliacha ufagio ukaanguka, akatoka, hakurudi. Nikaendelea. Jiwe lile lilikuwa gumu na babu yako alichonga ndani sana, ikanibidi kulipunguza jiwe zima ili lisibaki hata kovu. Nikalisugua, nikalipaka chokaa, nikaupaka na ukuta wote. Kisha nikarudi nyuma kidogo, kama mafundi tunavyofanya, nikaitazama kazi yangu, nikaipenda. Ilikuwa safi. Mapendo, hiyo ndiyo aibu yenyewe. Ningelia siku ile, leo ningekuwa na cha kujitetea.

Padri aliporudi aliuliza mbele ya watu wote, "Jina la Mtakatifu Yosefu limekwenda wapi?" Katekista akasimama, mtu mzuri tu, akasema, "Ni vita, padri." Mimi nilikuwa kwenye kwaya. Padri alitutazama mmoja mmoja, kisha akaendelea na misa, na neno lile likatufunika wote kama blanketi moja. Ni vita. Unajua jinsi tunavyolitumia huku kwetu. Daraja limeoza, ni vita. Mume kakimbia mke, ni vita. Na mara nyingi ni kweli, hapo ndipo ubaya ulipo: kweli nyingi zimetangulia, uwongo unapita nyuma yao bila mtu kuuliza.

Baadaye vita hivyo hivyo vikatufukuza na sisi, ndiyo tukafika Ndosho, nawe ukazaliwa hapa juu ya mawe ya volkeno. Nilijenga nyumba nyingi. Nilianza kukusimulia kanisa ili uwe na mahali pa kutokea, na kila mara nilipofika Ukuta wa Maziwa nilisema "ulijengwa vizuri kuliko yote", nikahamia habari ya kengele.

Ungeweza kuishia hapo, ukasema Papa alikuwa kijana. Lakini kuna la pili, na hilo nililifanya nikiwa na mvi.

Unakumbuka nilipopata kazi ya kujenga vyoo katika kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya? Siku moja nikiwa ninachanganya saruji nikasikia mtu ananiita jina langu la ubatizo, lile ambalo hata mama yako halitumii. Nikageuka. Alikuwa mwanamke mzee amejifunga kitenge kilichofifia, ameshika bidoni tupu ya kuchotea maji. Nilimjua kabla hajasema kitu, nikatamani shimo la choo linimeze. Alinishika uso kwa mikono miwili mbele ya vibarua wangu.

"Ni wewe! Mutoto wangu wa batizo! Umezeeka mbele yangu!"

Akanilazimisha nikae mbele ya kibanda chake cha sheeting, yale maturubai ya msaada. Walipotoka Mwihanga walikwenda Kalengera, akawa analima mashamba ya watu, yeye mtoto wa wafugaji, mpaka Kalengera nako kukawaka moto. Alikuwa na sufuria ndogo ya maharage, akanigawia. Nikala. Kisha akauliza kile nilichojua atauliza.

"Na kanisa yetu? Iko?"

"Iko, mama."

"Na jiwe yetu, ile ya Mutakatifu Yosefu? Papa yako aliichonga mbele yangu. Nilikuwa namushikia maji."

Mapendo, tulikuwa wawili tu. Hapakuwa na wazee, wala kwaya, wala mtu wa kuniita fundi. Hapakuwa na wa kumwogopa isipokuwa bibi mmoja mwenye bidoni.

Nikasema, "Vita ilivunja, mama. Ule ukuta wote ulianguka."

Kisha akaniwekea mkono begani, akanibembeleza mimi. "Pole, mutoto wangu. Kazi ya papa yako. Najua inakuuma."

Nilirudi kazini na maharage yake tumboni. Sikupita tena upande ule wa kambi. Nilimwambia mkubwa wa kazi anipe mashimo ya upande wa barabara. Na kambi ilipovunjwa, watu wakiambiwa warudi makwao, mama yako alilia barabarani akiwaona na magodoro kichwani. Nami nilisikitika, lakini chini ya masikitiko kulikuwa na nafuu. Nilijiambia amekwenda mbali, limekwisha. Aliyekulea kwa maziwa anabeba godoro asijue analala wapi, nawe unapata nafuu. Huyo ndiye baba yako.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa kutoka Kanyaruchinya hadi Mwihanga tu. Mama Vestina amerudi nyumbani, na nyumba yake iko karibu na kanisa. Bila shaka ameingia mle ndani Jumapili ya kwanza, akakuta Ukuta wa Maziwa umesimama wima kama babu yako alivyouacha, hauna hata ufa, na juu yake jiwe limesuguliwa safi na mtu anayejua kazi. Hakuhitaji kuuliza. Na baada ya kujua, akaambiwa kuna mwuguzi anakuja kutoka Goma, mjukuu wa Leopoldi, hana pa kulala. Akasema aje kwangu, nitampa maziwa.

Sijui maana ya maziwa hayo. Nimeyawaza siku hizi mbili hadi kichwa kinauma. Labda amesamehe. Labda anataka tu kumwona mtoto wa mtu aliyemdanganya. Labda hayanihusu kabisa, ni maziwa ya babu yako. Ninachojua ni kwamba ungefika pale ukinisifu. Ungesema kwa furaha yako ile, "Papa ndiye alijenga ule ukuta!" na yeye angekutazama, na kwa heshima yake asingekwambia kitu. Ungeishi katika nyumba ile kila mtu kijijini akijua isipokuwa wewe. Hilo ndilo lililonishinda. Kukupoteza kidogo kwa sababu umejua, nimeliogopa maisha yangu yote. Lakini kukuacha uchekwe kwa huruma kwa ajili yangu, hapana.

Sitaki uniombee msamaha kule. Wala usitafute mtu akachonge jina upya ukadhani unanisaidia. Mkono uliofuta ndio unaopaswa kwenda kuuliza kama unaruhusiwa kuandika, na nitakwenda, ila kwanza nilitaka wewe ujue, ili nisije nikafika nyuma yako kama mtu mwema. Ukiulizwa juu yangu, sema unalolijua. Ukikasirika, kasirika. Mama Vestina akitaka kunisema vibaya mbele yako, mwache aseme hadi amalize, umtilie chai.

Na kazini kwako kutakuwa na siku dawa zimekosekana, barabara imefungwa, mgonjwa amekufa, na utasema ni vita, na itakuwa kweli. Itakuja na siku nyingine ambapo ni wewe ulisinzia. Kutoka nje hazitaonekana tofauti hata kidogo. Mimi sikuwahi kufundishwa kuzitenganisha, na nilipojifunza nilikuwa nimechelewa, ndiyo maana sikufundishi. Ninakuonyesha tu mahali nilipoangukia.

Mama yako ametoka chumbani sasa hivi, akasimama nyuma ya kiti changu. Yeye anajua tangu mwaka tuliooana.

"Unamuandikia ile ya ukuta?"

"Ile."

"Na utaiweka wapi?"

Nikamwambia nitaiweka chini ya zile bluzi, ndani ya sakoshi yako ya safari, ili uisome ukifika. Amenitazama jinsi anavyonitazama ninapodanganya kwamba sikuongeza chumvi kwenye chakula.

"Akipita Sake, mu njia ya Masisi, wewe unabakia huku na amani yako. Hapana, papa. Umupe mu mukono. Na ukae."

Amesema kweli. Barua hii ilikuwa inaelekea kuwa ukuta mwingine wa kujificha. Kwa hiyo utakapokuwa unaisoma nitakuwa nimekaa mbele yako, moto inasubiri nje, na utaniona ninavyoangalia miguu yangu. Sitakuharakisha wala kukuuliza kitu. Ukimaliza ukataka kuniaga, niko hapo. Ukiinuka ukapanda bila kunitazama, majirani wataona, na wataniuliza kuna nini kati yako na mtoto.

Nitawaambia ni mimi.

Papa yako